Kuhamisha Domeni ya Mama Mkwe

Sijawahi kuwachukia watu nisiowajua sura kama nilivyowachukia wale wa Ulaya walioandika ile barua. Barua yenyewe ilikuwa na adabu. Walisema wanafunga kazi ya kuandikisha majina ya mtandao kwa wateja walio nje ya bara lao, kwamba wanatushukuru kwa uaminifu wetu wa miaka mingi, na kwamba kila mwenye jina atafute kampuni nyingine ya kulitunza kabla ya siku thelathini kwisha. Asiyehama, jina lake litafutwa. Uaminifu! Mtu anakufukuza nyumbani huku anakushukuru kwa kufagia uwanja.

Tena mimi sikuandikiwa. Barua ilimfikia mama mkwe wangu, na mimi ilinifikia ikiwa kwenye karatasi ya daftari, imenakiliwa kwa mkono wa mwanamke aliyefundisha darasa la kwanza maisha yake yote, kila koma mahali pake. Mke wangu aliiweka kando ya sahani yangu ya bukari, ugali wetu wa huku.

“Mama anasema weye njo utajua namna ya kufanya,” akasema.

“Minyi? Juu ya nini minyi?”

“Juu weye unajuaka mashini.”

Najua mashini! Mimi ni karani katika ofisi ya shule za kanisa hapa Kamina. Kazi yangu ni kupiga chapa orodha za walimu na kuzitoa kwenye karatasi siku ambayo jua limekubali kujaza betri. Lakini katika mji huu ukionekana mara moja umewasha kompyuta na ikawaka, basi umekwisha. Watakuletea simu zilizoanguka majini, redio, hata pasi ya mkaa.

Kwa asiyejua, nieleze upesi. Domeni ni jina la mahali pako kwenye mtandao, ile sehemu inayokuja mwisho katika anwani ya barua pepe. Hulimiliki moja kwa moja kama sufuria yako. Unaliandikisha kwa kampuni, na kampuni inalitunza mwaka hadi mwaka. Ukitaka kubadili kampuni, unalihamisha. Wanasema ni kazi ya kubonyeza mara tatu. Wanasema.

Domeni hii iliandikishwa na shemeji yangu, mtoto wa mwisho wa mama mkwe. Alikuwa na chumba kidogo karibu na stesheni, kompyuta mbili na kiti kimoja, akiwapigia watu barua za kuomba kazi. Siku moja akamletea mama yake zawadi: jina la ukoo wao kwenye mtandao, limeandikishwa kwa jina la mama, na ukurasa mmoja wenye picha za vitambaa vya meza ambavyo wamama wa kanisa wanashona. Kitambaa hata kimoja hakikununuliwa kupitia pale. Lakini pamoja na ukurasa mama alipata anwani yake ya barua, na hiyo ndiyo iliyobaki.

Kisha kijana akaondoka. Alipanda gari la moshi hadi Lubumbashi, akavuka Zambia, akaendelea kushuka kusini. Kabla ya kwenda alimwambia mama yake, “Mama, simu inaibiwaka, numero inakatwaka, hata nyumba mutahama. Adresi hii njo yetu. Nitaandika pale.” Na kweli aliandika, mara moja. Mistari mitatu: amefika, amepata mahali pa kulala, ataandika tena. Huu ni mwaka wa tisa.

Katika miaka hiyo tisa simu ya mama imebadilika namba mara tatu. Baba mkwe amefariki, na nyumba ile ya upande wa stesheni ilikuwa ya kazi yake, wakairudisha, mama akahamia karibu na kanisa. Kati ya yote ambayo kijana yule anayajua kuhusu mama yake, kilichobaki mahali pake ni anwani ile tu. Kila asubuhi baada ya sala mama anafungua simu na kutazama. Domeni ikifa, na siku hiyo hiyo mtoto akakumbuka kwamba ana mama, barua yake haina pa kwenda. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi niliyopewa juu ya sahani ya bukari.

Nitasema ukweli wangu: shemeji huyo aliniudhi hata kabla ya mambo ya domeni. Miaka tisa! Mtu mwenye vidole kumi, aliyekuwa akiwaandikia wengine barua kwa malipo! Kama yuko hai, anastahili viboko. Kama hayuko hai, Mungu anisamehe, na hapo ndipo hasira yangu inapokosa mahali pa kukaa.

Sasa sikia shida yenyewe ilipokuwa. Sisi ni Baluba. Mwanamume na mama mkwe wake, kwetu wanaitana buko, na buko si mchezo. Simtazami usoni. Sikalii kiti alichokalia. Jina lake silitii mdomoni, hata kama ni jina la jirani anayelingana naye jina, huyo nitamwita kwa njia nyingine. Nikimwona anakuja barabarani, navuka upande wa pili, na yeye vilevile anageuza mwavuli wake kunikinga. Si chuki. Ni heshima, tena kubwa kuliko ninayompa mchungaji. Vijana wa siku hizi wanakula na mama wakwe zao meza moja, wanachekeana. Lakini mama mkwe wangu ni Mluba na ni Mmethodisti, na mpaka leo sijajua ni upande gani ulio mkali zaidi.

Kwa hiyo mwenye jina alikuwa yeye, mwenye kujua mashini nilikuwa mimi, na kila neno kati yetu lilipita kwa mke wangu. Mke wangu naye ni mwalimu, anatoka shuleni amechoka, anapanda baiskeli kwenda kwa mama yake, anarudi na nusu ya neno.

“Mama anauliza kufuli gani.”

“Kufuli ya domeni! Ile jina iko na kufuli, kampuni njo iliiweka ili wezi wasiibe. Aseme bafungue.”

“Anasema hana kufuli.”

“Haiko kufuli ya chuma!”

“Usinipigie kelele minyi,” akasema mke wangu. “Piga mama kelele, kama unaweza.”

Alijua siwezi.

Mtandao wenyewe niliutafuta kwa mke wa ajida mmoja, askari wa Base, ile kambi ya jeshi nje ya mji; mke huyo amefungua duka mjini kwenye njia ya kuelekea huko. Ni mwanamke wa jimbo la Equateur, mnene, mcheshi, Kiswahili chake kina Kilingala ndani yake, na juu ya paa lake ana antena ya setilaiti ambayo sisi wote tunaiheshimu. Unakaa kwenye benchi kati ya magunia ya chumvi na sabuni, unaunganishwa. Ila ilikuwa masika.

“Koneksio iko, papa,” ananiambia kila nikifika. “Lakini jua haiko. Kanga motema, vumilia, rudia kesho.”

Nikirudia kesho, jua liko, koneksio haiko. Siku nane zilikwenda hivyo.

Siku ya tisa nikafungua fomu ya kampuni mpya, nayo ni ya nchi ya mbali zaidi. Jina, sawa. Barabara, sawa. Namba ya posta, lazima. Kamina hatuna namba ya posta. Mwenye barua anaulizwa kwa jina la baba yake na kwa kanisa analosali, na barua inafika. Niliandika “hakuna”. Fomu ikakataa, ikataka tarakimu. Niliandika sifuri tano. Ikasema namba hiyo haionekani kuwa ya kweli. Ya kweli! Niliwatukana kwa Kiluba, na hapo mke wa ajida akaja kutazama juu ya bega langu.

“Weka matricule ya bwana yangu, numero yake ya jeshi,” akashauri. “Ile ni ya kweli. Serikali njo ilimupa.”

Nikaweka moja tano mfululizo, na fomu ikakubali bila kusita. Hivyo mpaka leo, katika makabati ya watu wa ng’ambo, mama mkwe wangu mcha Mungu anakaa mahali panapoitwa moja-moja-moja-moja-moja.

Ikabaki kode. Kampuni ya zamani ikishafungua kufuli, inamtumia mwenye jina kode, herufi na tarakimu zilizochanganywa, na kampuni mpya haikupokei bila hiyo. Kode ilitumwa kwenye sanduku la barua la mama mkwe. Nami sanduku lile silifungui. Mke wangu alitaka kuniletea neno la siri niingie mwenyewe, nikakataa katakata. Kufungua barua za mama mkwe ni sawa na kuingia chumbani mwake. Nikasema, “Mama anakili kode tu, asijichokeshe na maneno mengine.” Nilisema kwa heshima kabisa, na nilijiona mtu mwema.

Kode ikaja jioni hiyo, kwenye kipande cha karatasi kilichokatwa vizuri kwa mkasi. Niliibonyeza, ikapokelewa. Nikashangilia mapema. Maana kampuni mpya sasa ikaandika kwamba, kwa sababu ya nchi tunayotoka, lazima wamwone mwenye jina kwa macho yao, kwa simu ya video, akiwa na kitambulisho mkononi. Kwa sababu ya nchi tunayotoka! Siku zilizobaki zilikuwa kumi na mbili.

Tulikubaliana, yaani mke wangu alikubaliana na kila mmoja wetu kwa zamu yake, kwamba tufanyie sebuleni kwa mama. Yeye akae kwenye kiti chake, mke wangu ashike simu, na mimi nikae ukumbini, nyuma ya kikwembe, yaani kitenge, kitakachotundikwa mlangoni kama pazia, ili nisikie maswali ya ufundi na kusaidia. Tulitundika kikwembe cha sherehe ya wamama wa kanisa. Tuliona tumepanga vizuri sana.

Aliyetokea kwenye simu alikuwa msichana mwenye Kifaransa cha upole. Akamwambia mama ageuze uso kushoto, halafu kulia. Mama akageuza. Aonyeshe kadi ya mpiga kura. Akaonyesha. Ataje jina lake lote. Akalitaja polepole kama kwa wanafunzi, na mimi nyuma ya kikwembe nikaziba masikio. Halafu msichana akauliza kama kufuli imekwisha kufunguliwa na tangu lini.

Hilo halikuwa swali la mama. Akainama kidogo kuelekea mlangoni.

“Tangu juzi,” nikasema.

“Ni nani huyo?” msichana akauliza.

“Ni mkwe wangu,” mama akamjibu, kwa Kifaransa kilichonyooka kuliko changu.

“Mbona amejificha?”

“Hakujificha, mademoiselle. Ananiheshimu.”

Nyuma ya kikwembe niliona fahari, sitakataa. Lakini msichana hakuona fahari. Alianza kuuliza kwa sauti ya chini, polepole: Je, mama yuko salama? Je, kuna mtu anamlazimisha? Je, yule bwana anaweza kutoka nyuma ya pazia aonekane? Mama akasema hapana, hawezi kutoka, haiwezekani kabisa. Ndipo simu ikakatwa. Baada ya saa moja wakaniandikia mimi, msaidizi, kwamba ombi limesimamishwa kwa ajili ya usalama wa mwenye jina.

Usalama! Mimi, ambaye tangu nilipooa sijauona uso wa mama yule ukielekea kwangu! Mimi ninayevuka barabara penye matope ili kivuli changu kisimguse! Nilitembea nyumbani nikizungumza peke yangu, watu wakanisalimu nisiwaitikie.

Mke wangu hakunituliza. Aliweka baiskeli ukutani na kusimama mbele yangu, mikono kiunoni. “Minyi nimechoka,” akasema. “Nimechoka na weye, nimechoka na mama. Mutoto alipotea mara moja. Sasa atapotea mara ya pili juu ya kikwembe.” Akaingia ndani na kuufunga mlango wa chumba.

Nadhani kwa mama alisema vilevile, maana kesho yake ujumbe ulikuja. Mama alikuwa amekaa na dada zake wawili wakapima jambo. Wamekubali nitoke nyuma ya pazia. Lakini kwa kukaa kando ya mama mkwe nitatoa kuku, na nikilazimika kutaja jina lake nitatoa kuku wa pili, mweupe. Heshima si utumwa, wanasema. Waje waniambie mimi.

Basi tukaketi, viti viwili, mama na mimi, na katikati yetu nafasi ambayo mbuzi angepita. Mke wangu alisimama mbele na simu. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Safari hii alikuwa mwanaume, ana haraka. Akaona nyuso mbili, akaona kadi, akauliza maswali ya kufuli, nikajibu. Kisha akanigeukia.

“Na wewe, bwana, unamsaidia nani? Taja jina la madame kama lilivyoandikishwa.”

Mama akageuka kutazama dirishani. Nikalitaja, majina yote matatu. Jasho likanitoka kwapani, na mke wangu, shahidi ni Mungu, alikuwa anazuia kicheko. Yule mwanaume akasema asante, nawatakia siku njema. Zikabaki siku nne za ile thelathini wakati kampuni mpya iliponiandikia kwamba domeni imehamia kwao.

Nilifurahi, jamani. Nilipeleka kuku wote wawili mwenyewe hadi uani, na dada za mama wakanipigia vigelegele. Ofisini niliwaeleza wenzangu kwamba kuhamisha domeni si jambo la ajabu, mtu anahitaji tu utaratibu. Mwenzangu mmoja akaniletea simu iliyoanguka majini.

Siku kumi na moja baadaye mke wangu, akimenya mihogo, akasema kana kwamba ni jambo la kupitisha muda, “Mama anashukuru kampuni mupya. Anasema iko na adabu kuliko ile ya zamani.”

“Adabu gani?”

“Bale bantu ya matangazo, ya dawa ya nywele na ya bahati nasibu, baliacha kumwandikia. Sanduku imetulia kabisa. Hata barua moja haiingiake.”

Nilisimama. Nilichukua simu yangu, na kwa salio la mwisho lililokuwamo nikaandika barua kwenye anwani ya mama mkwe, neno moja tu, “Jaribio”. Haikupita dakika, ikarudi. Juu yake pameandikwa kwamba anwani hii haipo.

Nilikwenda kwa mke wa ajida karibu mbio. Jua lilikuwepo, koneksio ilikuwepo, vyote viwili, kana kwamba vilikuwa vinaningoja. Kampuni mpya ikanijibu kwa subira ambayo iliniudhi zaidi. Jina limehama, wakasema, lakini maagizo yanayoonyesha barua za jina hilo zipelekwe sanduku gani yalikuwa kwa kampuni ya zamani, na kampuni ya zamani iliyafuta jina lilipoondoka. Ni kawaida. Mwenye jina alionywa.

“Alionywa lini?”

Kampuni ya zamani huliandika onyo hilo katika ujumbe uleule wenye kode, wakasema.

Nilikaa kwenye benchi kati ya magunia ya chumvi nikaelewa kidogo kidogo, na kila nilichoelewa kilinichoma. Nilimtuma mke wangu kwa mama yake. Akarudi na kipande cha karatasi ya daftari, kimekatwa kwa mkasi upande wa juu. Kumbe siku ile mama alinakili ujumbe wote, neno kwa neno, kama kawaida yake. Kisha akakata sehemu yenye kode akaniletea, na sehemu ya chini akaitunza katikati ya kitabu chake cha nyimbo. Sehemu ya chini ilisema: kabla ya kuhama andika kando maagizo ya barua zako, kwa maana hayatahama pamoja na jina. Na chini yake alikuwa ameyanakili maagizo yenyewe kama kampuni ilivyoyaorodhesha, mistari mitano, hakuna nukta iliyopotea. Kila kitu nilichohitaji kilikuwa nyumbani kwake tangu mwanzo, safari ya dakika kumi kwa baiskeli.

“Kwa nini hakuleta?” nikamuuliza mke wangu. Nilikuwa napiga kelele, najua.

“Anasema uliomba kode tu. Anasema aliona ile maneno, akawaza utamwuliza. Hukumwuliza. Akasema, buko njo anajua kazi yake, minyi nitamufundisha namna gani?”

Kuuliza si ujinga. Methali hiyo nimewafundisha watoto wa shule ya Jumapili kwa mdomo wangu huu. Nilijikasirikia, nikamkasirikia mama, nikazikasirikia kampuni zote mbili, kisha nikarudi kwangu mwenyewe, maana huko ndiko hasira ilikopaswa kukaa. Yeye hakutaka kunivunjia heshima. Mimi sikutaka kumvunjia heshima. Na kati ya heshima zetu mbili mlango wa mtoto wake ulifungwa siku kumi na moja.

Kuyarudisha maagizo hakukuchukua hata muda wa chai kupoa. Niliandika mistari mitano ya mama, nikangoja, nikatuma “Jaribio” ya pili, na haikurudi. Jioni mke wangu akapigiwa na mama yake: watu wa dawa ya nywele wameandika.

“Usimwambie kitu,” mke wangu akaniambia. “Iko natembea sasa. Atajua ya nini?”

Nililala juu ya neno hilo, na asubuhi nikaona siwezi. Wala sikuweza kumpa mke wangu alipeleke. Tulikwisha kuona maneno yetu yanafikaje yakipelekwa. Nikachukua baiskeli kwenda mwenyewe.

Sikuingia. Nilisimama barazani, mgongo ukielekea mlango, nikakohoa. Nikasikia anakuja kutoka ndani, kandambili zake, kisha akasimama nyuma ya mlango uliokuwa wazi nusu.

“Buko,” akasema. Katika ndoa yangu yote hakuwahi kuniita hivyo bila mtu wa tatu kuwepo.

“Eyo, Vidye,” nikajibu, jinsi tunavyomwitikia mkubwa.

Nikamweleza. Sikuficha kosa langu. Nilimwambia kwamba tangu jina lilipohama hadi jana, barua yoyote iliyotumwa kwake haikufika, na kwamba sasa zinafika. Nikamwambia pia lile nililolifikiria njiani: mtu aliyenyamaza miaka tisa, itakuwaje achague siku hizo kumi na moja kati ya siku zote? Haiwezekani, mama. Nilisema haiwezekani mara mbili au tatu.

Upande wa pili wa barabara mtu alikuwa anatwanga.

“Kama aliandika,” akauliza, “barua ilienda wapi?”

“Ilimurudilia, mama.”

“Ilirudi bure, ao ilirudi na neno?”

Nilitamani kusema bure. “Na neno.”

“Neno gani?”

“Inasema adresi hii haiko.”

“Haiko,” akarudia. Nilimsikia akishika kitasa cha mlango. “Basi mutoto wangu atasema nilikufa.”

Hasira yote ya mwezi ule, ya fomu na ya kode na ya pazia, niliitafuta ili nijishike nayo, sikuipata.

“Bale bantu ya ng’ambo,” akasema, “unajuaka kusema nabo. Ubaulize. Kama kuko barua yake kwabo, bamwandikie, bamwambie niko.”

Nilijua hakuna mtu huko wa kuulizwa, na hakuna barua waliyoishika.

“Eyo, Vidye,” nikasema. “Nitabauliza.”